Mwongozo Kamili wa Kutabiri Mashapo na Kuandika Mlinganyo Halisi wa Ioni

Mwanafunzi akipewa risasi(II) naitreti na potasiamu iodaidi, mara nyingi hutaja bidhaa sahihi, husawazisha vizuri, kisha huharibu mstari wa mwisho. Atakata mashapo kuwa ioni, ataandika I₂ palipotakiwa 2I⁻, au atamwacha K⁺ akielea bila kazi. Makosa haya yana mzizi mmoja: mtu anahamisha herufi karatasini bila kujiuliza ndani ya maji kuna nini.

Chupa iliyoandikwa NaCl(aq), yaani NaCl iliyoyeyuka majini, haina vipande vya NaCl. Ina Na⁺ peke yake na Cl⁻ peke yake, kila moja imezungukwa na molekuli za maji. Ukimimina chupa mbili pamoja unakutanisha ioni za aina nne. Swali ni moja tu: je, kuna ioni mbili kati ya hizo zinazoshikana kwa nguvu kiasi kwamba maji hayawezi kuzitenganisha? Zikiwepo, hutokea kitu kigumu kinachoutia mchanganyiko ukungu na baadaye kutuama chini. Hayo ndiyo mashapo.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa kazi ya karatasini unahitaji penseli, kalamu ya rangi ya kufutia, na orodha mbili kichwani.

Orodha ya kwanza: ioni na chaji zake. Bila hii usiendelee, kwa sababu fomula moja ikikosewa hatua zote zinazofuata zitakosewa.

- Chaji +1: Na⁺, K⁺, NH₄⁺, Ag⁺, H⁺
- Chaji +2: Mg²⁺, Ca²⁺, Ba²⁺, Zn²⁺, Cu²⁺, Fe²⁺, Pb²⁺
- Chaji +3: Al³⁺, Fe³⁺
- Chaji −1: Cl⁻, Br⁻, I⁻, OH⁻, NO₃⁻, HCO₃⁻, CH₃COO⁻
- Chaji −2: SO₄²⁻, CO₃²⁻, SO₃²⁻
- Chaji −3: PO₄³⁻

Orodha ya pili: kanuni za uyeyukaji. Zisome kwa mpangilio huu huu, maana ya juu huishinda ya chini.

1. Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu huyeyuka.
2. Naitreti zote huyeyuka.
3. Kloraidi, bromaidi na iodaidi huyeyuka, isipokuwa za fedha (Ag⁺) na risasi (Pb²⁺).
4. Salfeti huyeyuka, isipokuwa za bariamu na risasi. Ya kalsiamu huyeyuka kidogo tu.
5. Kaboneti na fosfeti haziyeyuki, isipokuwa zile za kanuni ya 1.
6. Haidroksaidi haziyeyuki, isipokuwa zile za kanuni ya 1 na ya bariamu. Ya kalsiamu huyeyuka kidogo. Maji ya chokaa ndiyo hayo.

Mpangilio una maana yake. Ukikutana na Na₂CO₃, kanuni ya 5 inaonekana kusema haiyeyuki, lakini kanuni ya 1 imeshaamua. Wanaokariri bila mpangilio hukwama hapa.

Neno "haliyeyuki" lina mpaka wake. Bariamu salfeti nayo huyeyuka, ila ni kama miligramu 2.4 tu kwa lita moja ya maji kwenye 25°C. Risasi kloraidi hufikia karibu gramu 10 kwa lita kwenye joto la chumba. Zote mbili tunaziita mashapo, lakini tabia zao mezani hazifanani kabisa, na tutalirudia jambo hili.

## Hatua ya 1: Fungua kila chupa kuwa ioni

Tutautembeza mfano mmoja hatua kwa hatua: risasi(II) naitreti na potasiamu iodaidi.

Chupa ya kwanza: Pb²⁺ na NO₃⁻.
Chupa ya pili: K⁺ na I⁻.

Hapa usiandike namba za mbele. Unaorodhesha aina za ioni, hesabu itafuata.

Tahadhari: ioni yenye atomi kadhaa haipasuliwi. NO₃⁻ hubaki NO₃⁻. Haigeuki N na O. Vilevile SO₄²⁻, CO₃²⁻, NH₄⁺ na OH⁻. Maji hutenganisha ioni na ioni. Vifungo vilivyo ndani ya ioni hayavigusi.

Umefaulu ukiwa na ioni nne, mbili chanya na mbili hasi, kila moja na chaji yake.

## Hatua ya 2: Badilisha wenzi, kisha andika fomula upya

Chanya ya chupa moja huenda kwa hasi ya chupa nyingine: Pb²⁺ na I⁻, K⁺ na NO₃⁻.

Sasa sahau kabisa namba ndogo za chini zilizokuwa kwenye fomula za mwanzo. Mwanafunzi huona Pb(NO₃)₂, akaibeba ile 2 na kuandika K(NO₃)₂. Namba hiyo haikuwa mali ya naitreti. Ilikuwepo kwa sababu Pb²⁺ inahitaji NO₃⁻ mbili ili chaji ziwe sifuri. K⁺ inahitaji moja.

- Pb²⁺ na I⁻: zinahitajika I⁻ mbili, kwa hiyo PbI₂.
- K⁺ na NO₃⁻: moja kwa moja, kwa hiyo KNO₃.

Umefaulu ikiwa jumla ya chaji katika kila fomula ni sifuri. Kagua kwa kuhesabu, usikague kwa macho.

## Hatua ya 3: Pitisha kila bidhaa kwenye kanuni

KNO₃: kanuni ya 1, inayeyuka. Alama (aq).
PbI₂: ni iodaidi, lakini ya risasi, kanuni ya 3 inaitoa nje. Alama (s), yaani kitu kigumu. Haya ndiyo mashapo, na rangi yake ni njano inayong'aa.

Bidhaa zote mbili zikiwa (aq), simama hapo. Andika "hakuna badiliko". Potasiamu naitreti na sodiamu kloraidi, kwa mfano, hutoa NaNO₃ na KCl ambazo zote huyeyuka. Ioni nne zilizoingia ndizo nne zilizobaki. Wengi huogopa jibu hili, wakidhani swali haliwezi kukosa badiliko, hivyo wanalazimisha mashapo yasiyokuwepo. Jibu hili ni halali na lina alama zake.

## Hatua ya 4: Mlinganyo wa fomula, uliosawazishwa

Pb(NO₃)₂(aq) + 2KI(aq) → PbI₂(s) + 2KNO₃(aq)

Sawazisha kwa namba za mbele peke yake. Ukigusa namba ndogo ya chini umebadilisha dutu yenyewe. Njia nyepesi ni kuhesabu ioni nzima nzima: NO₃⁻ mbili kushoto, NO₃⁻ mbili kulia, badala ya kuhesabu oksijeni moja moja.

Alama za hali ziandikwe sasa hivi, maana hatua inayofuata inazitegemea. Ukiziacha "za baadaye" hutajua cha kukata.

## Hatua ya 5: Kata kinachostahili kukatwa

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Kata: chumvi yenye (aq); asidi kali, yaani HCl, HNO₃ na H₂SO₄; besi kali zilizoyeyuka, kama NaOH, KOH na Ba(OH)₂.

Usikate: chochote chenye (s), (l) ya kimiminika au (g) ya gesi, maji, asidi dhaifu kama CH₃COOH, na amonia, ambayo majini sehemu kubwa hubaki NH₃. Hizi mbili za mwisho zina alama (aq) lakini hazikatwi, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya molekuli zake iliyogeuka ioni.

Mfano wetu unakuwa:

Pb²⁺(aq) + 2NO₃⁻(aq) + 2K⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s) + 2K⁺(aq) + 2NO₃⁻(aq)

Angalia namba zilivyosafiri. Ile 2 ya chini katika Pb(NO₃)₂ imekuwa 2 ya mbele ya NO₃⁻. Ile 2 ya mbele ya KI imeigusa K⁺ na I⁻ kwa pamoja. Fomula ikiwa na namba zote mbili, zidisha: 3BaCl₂ hutoa 3Ba²⁺ na 6Cl⁻.

Tahadhari mbili:

- Usiandike I₂ wala Cl₂. 2I⁻ ni ioni mbili zilizo mbalimbali. I₂ ni molekuli ya iodini, dutu nyingine yenye rangi nyingine na tabia nyingine. Vilevile usiandike I₂²⁻.
- Usikate mashapo. Ukikata PbI₂, ioni zote za kulia zitafanana na za kushoto, kila kitu kitafutika, na utabaki na karatasi tupu. Hilo likikutokea wakati hatua ya 3 ilisema kuna mashapo, rudi utafute (s) uliyoikata.

## Hatua ya 6: Futa ioni watazamaji

Ioni inayoonekana pande zote mbili ikiwa na fomula ileile, chaji ileile na alama ileile ya hali ni mtazamaji. Hapa ni K⁺ na NO₃⁻. Zifute kwa kalamu ya rangi, moja kwa moja: 2K⁺ kushoto na 2K⁺ kulia.

Kinachobaki ndicho mlinganyo halisi wa ioni:

Pb²⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s)

Ikiwa upande mmoja una 3Cl⁻ na mwingine 2Cl⁻, usifute zote. Ama hukusawazisha, ama ioni moja imeshiriki kweli na lazima ibaki.

## Hatua ya 7: Kagua mara tatu

Kwanza, hesabu atomi: Pb moja na I mbili kila upande. Pili, hesabu chaji: kushoto +2 na −2 ni sifuri, kulia sifuri. Tatu, tazama kama namba zote za mbele zinagawanyika kwa namba moja.

Ukaguzi wa tatu husahaulika sana. Chukua aluminiamu salfeti na bariamu kloraidi:

Al₂(SO₄)₃(aq) + 3BaCl₂(aq) → 3BaSO₄(s) + 2AlCl₃(aq)

Ukikata na kufuta unapata 3Ba²⁺ + 3SO₄²⁻ → 3BaSO₄. Gawa kwa 3:

Ba²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s)

Huu ni mlinganyo uleule utakaoupata kwa Na₂SO₄ na BaCl₂, au kwa MgSO₄ na Ba(NO₃)₂. Ndiyo sababu tone la bariamu kloraidi linaweza kupima salfeti bila kujali imekuja na nani.

## Mifano inayokwamisha hata waliozoea

Mashapo mawili kwa mkupuo. Bariamu haidroksaidi na shaba(II) salfeti hutoa BaSO₄ nyeupe na Cu(OH)₂ ya buluu, zote haziyeyuki majini. Hakuna mtazamaji hata mmoja:

Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) + Cu²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s) + Cu(OH)₂(s)

Usitafute cha kufuta kwa nguvu.

Amonia na chuma(III). Kwa kuwa NH₃ haikatwi, mlinganyo kamili zaidi ni:

Fe³⁺(aq) + 3NH₃(aq) + 3H₂O(l) → Fe(OH)₃(s) + 3NH₄⁺(aq)

Vitabu vingi vya shule hufupisha kwa Fe³⁺ + 3OH⁻ → Fe(OH)₃, na kwa kuonyesha mashapo yalivyoundwa unatosha. Ila ujue OH⁻ hizo zimetokana na amonia na maji.

Aluminiamu na kaboneti. Ukifuata kubadilisha wenzi kwa upofu utaandika Al₂(CO₃)₃. Kiwanja hicho hakidumu majini. Kinachotokea ni mashapo ya haidroksaidi na mapovu ya gesi:

2Al³⁺(aq) + 3CO₃²⁻(aq) + 3H₂O(l) → 2Al(OH)₃(s) + 3CO₂(g)

Shaba(II) na iodaidi. Huyu ni mtego mwingine wa namna hiyo. Cu²⁺ humnyang'anya I⁻ elektroni, kwa hiyo CuI₂ haipatikani: 2Cu²⁺ + 4I⁻ → 2CuI(s) + I₂. Mashapo ni meupe, lakini iodini huyatia kahawia na kuyaficha.

Kuzidisha kitendanishi. Ioni ya zinki (Zn²⁺) na NaOH hutoa Zn(OH)₂ nyeupe. Ukiendelea kumimina, mashapo hutoweka: Zn(OH)₂(s) + 2OH⁻(aq) → [Zn(OH)₄]²⁻(aq). Aluminiamu hufanya vivyo hivyo. Magnesiamu haifanyi. Kwa hiyo "nimeweka sodiamu haidroksaidi, sijaona kitu" mara nyingi maana yake ni kwamba msemaji aliimimina yote mara moja.

## Ukijaribu maabara

Andaa miyeyusho ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita. Kwa kila mililita 100 pima: NaOH gramu 0.40, CuSO₄·5H₂O gramu 2.50, BaCl₂·2H₂O gramu 2.44, Na₂SO₄ kavu gramu 1.42; Na₂CO₃ kavu gramu 1.06, FeCl₃·6H₂O gramu 2.70, AgNO₃ gramu 1.70; NaCl gramu 0.58.

Weka mililita 2 za myeyusho wa kwanza kwenye mrija wa kioo, kisha dondosha wa pili tone kwa tone huku ukitikisa. Subiri dakika mbili kabla ya kusema hakuna kitu. Shikilia mrija mbele ya karatasi nyeusi ukitafuta mashapo meupe, na mbele ya karatasi nyeupe ukitafuta ya rangi.

Unachotakiwa kuona:

- Cu²⁺ na OH⁻: buluu, mazito kama uji.
- Fe³⁺ na OH⁻: kahawia yenye wekundu wa kutu.
- Fe²⁺ na OH⁻: kijani chafu; sehemu ya juu hugeuka kahawia ikikaa hewani.
- Ag⁺ na Cl⁻: meupe, huwa ya kijivu au zambarau mwangani.
- Ba²⁺ na SO₄²⁻: meupe, laini, hutuama.

Maji. Tumia yaliyokenekwa. Maji ya bomba yana kloraidi, na fedha naitreti huyatia ukungu kabla hujaanza. Anayenunua maji ya betri dukani asome lebo ahakikishe ni maji matupu, siyo asidi ya betri. Asidi hiyo ni ya salfuriki na itajaza salfeti kwenye kila kipimo.

Asidi ya kutangulia. Kabla ya kupima salfeti kwa BaCl₂, weka matone machache ya HCl iliyozimuliwa. Kaboneti na salfaiti nazo hutoa mashapo meupe na Ba²⁺, na asidi huziondoa. Kwa kipimo cha kloraidi kwa AgNO₃ tumia HNO₃ tu. Ukitia HCl umeleta Cl⁻ mwenyewe, na utaona mashapo hata kama sampuli haikuwa nayo.

Usalama. Vaa miwani, NaOH huharibu macho. Fedha naitreti hutia ngozi madoa meusi. Risasi na chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu: kusanya mabaki kwenye chupa yenye lebo umkabidhi mwalimu au msimamizi wa maabara, usiyamwage sinkini. Shule isiyo na njia salama ya kutunza mabaki ya risasi ibaki na mfano wa PbI₂ karatasini.

Nyumbani kuna jaribio lisilo na hatari kubwa. Koroga kijiko kidogo cha magadi kwenye glasi ya maji ya mvua, acha yatuame, chuja kwa kitambaa. Mimina kidogo kwenye maji magumu ya kisima, kama yale ya visima vya mwamba wa matumbawe pwani, na kidogo kwenye maji ya mvua. Ya kisima yatapata ukungu mweupe, ya mvua yatabaki yalivyo. Magadi yana kaboneti, kisima kina kalsiamu: Ca²⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s).

## Kanuni inaposema mashapo na mrija unasema hapana

Hapa ndipo tunarudi kwa risasi kloraidi. Mashapo hutokea tu pale zao la viwango vya ioni linapozidi zao la uyeyukaji, Ksp. Kwa PbCl₂ kwenye 25°C ni takriban 1.7 × 10⁻⁵.

Changanya mililita 5 za Pb(NO₃)₂ 0.1 M na mililita 5 za NaCl 0.1 M. Ujazo umekuwa maradufu, hivyo kila kiwango kimeshuka hadi 0.05 M, kusahau kugawa huku ndilo kosa kuu la hesabu hii. Zao ni [Pb²⁺][Cl⁻]² = 0.05 × 0.05² = 1.25 × 10⁻⁴. Limezidi Ksp, mashapo yatatokea.

Rudia kwa miyeyusho ya 0.02 M. Kila ioni sasa ni 0.01 M, zao ni 1 × 10⁻⁶, chini ya Ksp. Mrija utabaki angavu kama maji, na kanuni ya 3 haijavunjika. Joto nalo hubadilisha mambo: PbCl₂ huyeyuka ukichemsha na kurudi ikipoa.

Swali la shule lisipotaja viwango, fuata kanuni. Likivitaja, hesabu.

## Mazoezi na majibu yake

Funika majibu, pitia hatua zote saba.

1. CaCl₂ na Na₃PO₄
2. AgNO₃ na MgCl₂
3. Fe₂(SO₄)₃ na NaOH
4. NH₄Cl na KNO₃
5. Pb(NO₃)₂ na Na₂SO₄

Majibu:

1. 3Ca²⁺(aq) + 2PO₄³⁻(aq) → Ca₃(PO₄)₂(s). Chaji kushoto: +6 na −6.
2. Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s). Ukibaki na 2 kila mahali, hukugawa.
3. Fe³⁺(aq) + 3OH⁻(aq) → Fe(OH)₃(s). Mlinganyo wa fomula ulihitaji 6NaOH. Ukipata 2Fe³⁺ na 6OH⁻, gawa kwa 2.
4. Hakuna badiliko.
5. Pb²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → PbSO₄(s). Aliyeandika Pb(SO₄)₂ aliibeba ile 2 ya naitreti. Arudi hatua ya 2.